Gongo Lililosema Kweli

Saa tano na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mpira ulitoka kwenye gongo la Robi ukampata Eucabeth usoni kabla hajauinua mkono wenye glavu. Watu waliokaa kwenye nyasi hawakuuona ukipita. Waliusikia tu. Kwanza mlio wa gongo, mwembamba kama wa sufuria tupu, halafu mlio wa pili ambao baadaye hakuna aliyetaka kuusimulia.

Ilikuwa nusu fainali ya softiboli ya wasichana, katika uwanja wa shule moja nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Eucabeth alikuwa mrushaji wa timu ya Awendo. Mrushaji husimama mita kumi na tatu kutoka kwa mpigaji, akamtupia mpira, kisha akangoja aone utarudi vipi. Huu ulirudi vibaya. Msichana alipiga magoti, akashika uso, damu ikapita katikati ya vidole. Mwalimu wake alimfunika jicho kwa taulo, wakampakia kwenye gari la mwalimu mkuu, likaondoka na mlango mmoja haujafungwa.

Mzee Monari hakulifuata gari. Alikwenda pale Robi alipoliangusha gongo. Kifuniko cha plastiki kinachoziba ile ncha nene kilikuwa kimeruka. Mzee alichutama, magoti yakilia, akachungulia ndani kama mtu anayechungulia mtungi. Ukuta wa gongo la alumini huwa na unene wa kutosha kubeba pigo. Huu ulikuwa mwembamba kama mkebe wa soda, na ndani uling'aa, una miviringo mipya iliyofuatana kama ya sufuria iliyosuguliwa kwa steelwool.

"Limekerezwa," alisema. "Mtu amelichonga kwa ndani."

Na juu ya mpini palikuwa na kibandiko cha manjano chenye tarehe ya siku ile, na sahihi ya Monari mwenyewe.

Inafaa mtu amjue Monari ndipo aelewe kibandiko kile kilimuuma kiasi gani. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka kutoka Kisii mpaka mpakani Isebania na kisanduku chake cha mawe ya shaba, akipima mizani za mahindi, za samaki, hata zile kubwa za kupimia malori ya miwa. Alistaafu akajenga Migori mjini, Sabato akawa kanisani, siku nyingine hajui akae wapi. Kwa hiyo kamati ya michezo ilipomwomba akague vifaa, alipokea kazi ile kama mtu aliyepewa maji.

Wiki tatu kabla ya mashindano aliandikia shule zote waraka: *Kila gongo sharti uzito wake ulingane na uzito ulioandikwa juu yake. Litakalotofautiana halitaingia uwanjani.* Asubuhi hiyo ya Alhamisi, saa moja na nusu, alipima magongo kumi na tisa juu ya meza, mbele ya walimu. Kumi na manane yalizidi maandishi yao. Moja wakia moja, jingine wakia mbili, jingine mbili na nusu. Alitaka kuyakataa yote.

Paul Arasa, katibu wa michezo, alimvuta kando. "Mzee wetu, ukikataa magongo kumi na manane, watoto watapiga mpira na mwiko?"

"Waraka ulisema."

"Waraka ulisema, ndio. Na magari yamekuja kutoka Kegonga. Andika tu tofauti, basi."

Monari aliandika kwa uchungu. Kisha likaja la kumi na tisa, la shule ya wasichana ya Kiromanga, upande wa Kegonga. Lilikuwa limeandikwa wakia ishirini na tatu, yaani gramu mia sita hamsini na mbili. Mizani ikasema 652. Haikuzidi, haikupungua. Mzee aliliinua juu walimu wote waone. "Hili peke yake," alisema, "ndilo halisemi uongo." Akampiga Robi, aliyekuwa amelileta, begani kama anayempongeza bibi harusi.

Sasa maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Saa sita na nusu walikutana katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwepo Monari, Paul na daftari, Robi, na mwalimu wake wa michezo, Bitutu. Robi alikuwa binti wa Kikuria wa miaka kumi na minane, mrefu, mikono kama ya mtu aliyelima tangu utotoni. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu Bitutu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, alikaa karibu naye akiwa amemshika mkono.

"Nilipolipima lilikuwa sawa," Monari alianza. "Saa moja na nusu lilikuwa sawa, saa tano limechongwa. Katikati hapo, gongo lilikuwa na nani?"

"Mimi," Robi akasema.

"Wapi?"

"Chini ya mti wa timu. Nilikuwa nimelikalia."

"Umelikalia kwa zaidi ya saa tatu nzima?"

"Wasichana wa shule nyingine walikuwa wanataka kulishika. Si ulisema ni zuri?"

Paul alikohoa.

"Hukwenda mahali? Hata choo?"

"Nilienda nalo."

"Na choo ina mashine ya kukereza, mzee?" Paul aliuliza, lakini hakuna aliyecheka.

Monari alimgeukia mwalimu. "Madam Bitutu, wewe ndiye mwenye timu. Nani mwingine aliligusa?"

Bitutu alifikiri kabla ya kujibu. "Tangu ulipoweka kibandiko chako, ni Robi peke yake."

"Basi."

"Lakini Robi si mwizi," akaongeza, na sauti ikafia hapo.

"Sikuuliza tabia yake. Niliuliza gongo lilikuwa na nani." Monari alifunga kalamu. Alikuwa mtu wa hesabu fupi. Sahihi yake haikosei, gongo limekosea, kwa hiyo kosa limeingia baada ya sahihi. "Binti, mwenzako yuko hospitali, mfupa wa shavu umevunjika, na madaktari hawajasema lolote juu ya jicho. Ulimpa nani hilo gongo akuchongee?"

"Sikumpa mtu."

"Utasema tu."

"Nitasema nini na sijui?"

Paul alifunga daftari. Alisema polisi wa kituo wamepiga simu. Wanataka jina la kuandikia mashtaka kabla ya saa kumi jioni ya kesho. Robi ana kitambulisho, si mtoto tena, na kufikia hapo jina lililopo ni moja tu. Usiku huo angelala katika chumba cha matroni, mlango ukiwa na mlinzi.

Robi alitazama kitambulisho chake kikiingia mfukoni mwa Paul. Alikuwa amekipata mwezi uliopita. Hakuwa amekitumia hata kwa kununulia laini ya simu.

Saa kumi jioni, Monari alibaki peke yake na gongo. Kwa mazoea tu, kama vile mtu mwingine angewasha sigara, aliwasha mizani. Alikirudisha kifuniko, akakandamiza, akalilaza gongo.

652.

Aliliondoa, akaisawazisha mizani kwa jiwe la shaba, akalirudisha. 652.

Alikaa chini. Mtu akikereza chuma, chuma hupungua. Kama Robi, au mtu yeyote, angelichonga baada ya saa moja na nusu, gongo lingekuwa jepesi kuliko asubuhi. Halikuwa jepesi hata kwa gramu moja. Kwa hiyo alipoliinua juu na kulisifu mbele ya walimu, tayari lilikuwa ganda. Alikuwa ameweka sahihi juu ya ganda na kumpa msichana akalipige.

Angeweza kwenda saa ile ile kwenye chumba cha matroni akamwambia Robi. Ilikuwa hatua themanini. Alijiambia kwamba atamwambia kesho, akishapata jina la kweli, ili habari iwe kamili. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba hakujua angeanza na neno gani.

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa alikuwa Migori mjini, mbele ya duka la Nyangau, muuza vifaa vya michezo. Nyangau ndiye aliyewauzia Kiromanga na nusu ya shule za wilaya. Wengi walikuwa tayari wanamsema kwamba anauza magongo feki. Alikuwa mnene, mcheshi, na siku hiyo alikuwa na wasiwasi.

"Omogaka, mzee wetu, karibu. Nasikia nimeuza bomu."

"Uliwauzia Kiromanga hili?"

Nyangau aliligeuza, akachungulia ndani, akapiga mluzi wa chini. "Hili nililiuza mwezi wa kwanza. Lakini halikutoka kwangu hivi. Hapa mtu amekula nyama akabakisha ngozi."

"Ndivyo mwizi anavyosema."

"Mwizi angekuonyesha wenzake?" Akatoa magongo sita ya aina ile ile, bado yako kwenye nailoni. Yote yameandikwa wakia ishirini na tatu. "Pima. Si una mizani yako?"

Monari alipima moja baada ya jingine. 709. 704. 712. 708. 709. 715. Alirudia la tatu. Hakuna hata moja lililokaribia 652.

"Yote ni mazito," alisema. "Yote yanadanganya, kwa wakia mbili."

Nyangau alimtazama kwa huruma, na mzee akaichukia ile huruma. "Mzee, hiyo namba ni jina. Kiwandani wanapima kabla ya rangi, kabla ya mpira wa mpini, kabla ya kifuniko. Na wateja wanapenda namba ndogo. Matatu imeandikwa abiria kumi na wanne. Wewe umewahi kuhesabu wangapi? Kila mtu kwa hii biashara anajua gongo la ishirini na tatu ni la ishirini na tano."

"Mimi sikujua."

"Sasa wewe ungejua aje, na kazi yako ilikuwa mahindi?"

Monari aliweka magongo chini polepole, kana kwamba yangevunjika. Kwa hiyo lile gongo moja lililolingana na maandishi yake ndilo pekee lililopaswa kumtia shaka. Yeye alilipa kibandiko na pongezi.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Mtu anachonga gongo ili apate nini?"

"Ukuta ukiwa mwembamba, unaruka kama kitanda cha springi. Mpira unatoka kama risasi. Wako watu wanaofanya hivyo, tunasikia. Lakini wanaojua hawaliachi jepesi. Wakishatoa chuma ndani, wanamwaga kitu kizito ndani ya ncha, gundi na risasi ya kuvulia samaki, mpaka uzito urudi kama wa mengine. La sivyo mpimaji atalikamata."

"Hili halikurudishiwa kitu."

"Hapana. Aliyechonga hili aliishia hapo, akashukuru."

Monari alisimama kwenye kizingiti, jua la Migori likimpiga kisogoni, na fikra ikamjia ambayo hakuitaka. Mtu mwenye tamaa ya nguvu angerudisha uzito. Huyu alitoa gramu hamsini na kitu na kusimama pale pale palipoandikwa. Hakuwa akitafuta nguvu. Alikuwa akiitafuta ile namba. Na mtu wa kuitafuta namba ni yule tu aliyeiogopa mizani.

"Hapa mjini nani ana mashine ya kukereza kitu kirefu hivi?"

"Hapa hakuna. Jaribu Awendo, wale wa trela za miwa."

Awendo alifika saa tano kasoro dakika kumi. Harufu ya molasi ilikuwa imejaa hewani, na matrekta yamejipanga barabarani na mizigo yao ya miwa. Aliuliza vibanda vitatu. Katika cha nne, fundi aitwaye Elvis, kijana wa Kikuria mwenye ovaroli iliyokakamaa kwa grisi, alikuwa akikereza ekseli.

"Natafuta mtu aliyechonga gongo," Monari alisema.

Elvis alizima mashine. "Mzae, gongo hatuchongi, tunakunywa. Na pombe hiyo inapatikana ng'ambo ya Isebania, hapa utashikwa."

Mafundi wenzake wakacheka. Monari hakucheka. Aliweka gongo juu ya benchi. Elvis alipoliona, uso wake ukabadilika.

"Hilo nalijua," akasema. "Limefanya nini?"

"Limemvunja msichana uso. Jana."

Elvis alikaa juu ya tairi. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekauka. "Nilimwambia. Nilimwambia huyo madam, hii kitu itakuwa nyembamba. Akasema toa tu. Nikitoa kidogo, anaweka kwa mizani, bado. Nikitoa tena, bado. Mara saba. Alikuja na mizani yake ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki."

"Alisema anataka mpira uende mbali?"

"Mpira? Hakutaja mpira. Mimi ndio niliuliza, madam, mnataka kupiga nini na hii? Akanionyesha karatasi. Akasema, mwenye hii karatasi hachezi na gramu. Ilipofika mia sita hamsini na mbili alifunga macho, akasema asante Mungu. Nikadhani ni mtu wa kanisa sana."

"Karatasi iko wapi?"

"Aliisahau hapa." Elvis alifungua droo ya vijiti vya kuchomelea. Karatasi ilikuwa na alama ya kidole cha grisi. Ilikuwa ule waraka. Maneno *sharti uzito wake ulingane* yalikuwa yamepigiwa mstari mara mbili, na juu kulikuwa na muhuri wa kupokelewa wa Shule ya Wasichana ya Kiromanga. Chini ilikuwa sahihi ya Monari, ile kubwa yenye mkia, aliyojifunza kuandika alipopandishwa cheo.

Saa tisa na dakika hamsini alikuwa Homa Bay, katika ofisi ile ile. Paul alikuwa ameshika simu mkononi. Bitutu alikuwa amekaa peke yake. Robi alikuwa bado kwa matroni. Monari aliomba mlango ufungwe. Aliweka mezani gongo lililochongwa, jipya la Nyangau, na ule waraka, akaufunika kwa mkono wake.

"Bwana Paul, jana nilikwambia kosa liliingia baada ya sahihi yangu. Nilikosea. Lipime."

Paul alilipima lile lililochongwa. Kisha akalipima jipya. Alitazama namba mbili, akatazama maandishi yaliyofanana. "Kwa hiyo zima ni hili linalodanganya?"

"Zima ni hilo. Na lililosema kweli limechongwa lifike kwenye kweli. Mimi ndiye niliyelisifu." Akaondoa mkono juu ya karatasi. "Mwalimu, jana nilikuuliza nani aliligusa. Ulinijibu, tangu kibandiko. Nilikuwa mkaguzi miaka thelathini na minne na sikulisikia hilo neno 'tangu'. Elvis wa Awendo anakusalimu."

Bitutu hakukana. Mabega yalimshuka tu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Kwa nini?" Paul aliuliza. "Shule zote zilipata huo waraka. Hakuna aliyefanya kitu. Wengine wamefungia mandazi."

"Wao hawamjui huyu mzee," Bitutu alisema. "Mimi namjua tangu nina miaka kumi na mmoja. Yeye hanijui. Nilimsalimia jana asubuhi, akaniuliza jina kama mgeni."

Monari alimtazama usoni. Hakuona kitu. Aliangalia pua, paji, macho, akitafuta soko fulani, siku fulani.

"Mama yangu alikuwa akiuza mahindi na wimbi Kegonga," Bitutu aliendelea. "Tulitoka Kisii, tulikuwa wageni pale kwa Wakuria, lakini watu walimpenda. Ulikuja na askari siku ya soko. Ukaweka mawe yako kwenye mizani yake. Ukasema imepungua gramu arobaini. Ukaiinua juu kila mtu aone, ukawaambia..."

Midomo ya Monari ilitangulia kabla hajaizuia. "Siku za mwizi ni arobaini, na gramu zake pia ni arobaini."



"Watu walicheka sana," Bitutu alisema. "Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kuanzia siku hiyo mama akaitwa Arobaini. Mimi nikaitwa Mtoto wa Arobaini. Shuleni, kanisani, kisimani. Mama aliacha soko. Ameitwa hivyo mpaka kaburini, mzee, kuna mtu alikosea akalisema kwenye mazishi. Sasa nikaona waraka na ile sahihi. Nikalipima gongo letu nyumbani, nikaona limezidi gramu hamsini na saba. Nikajiona mimi nimesimama hapo mezani, umeliinua juu mbele ya wasichana wangu, unatafuta mzaha."

Paul alimtazama mzee. "Ulikuwa unausema huo mzaha?"

"Kila mahali," Monari alisema. "Uriri, Rongo, Isebania. Ulikuwa unafanya watu wasikilize." Angeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angejua. "Hata mizani ikiwa imepungua gramu kumi, nilikuwa nikisema arobaini. Mzaha hauendi na kumi."

Bitutu alimgeukia pole pole. "Ya mama yangu ilikuwa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Jaribu."

"Mwanangu, sikumbuki. Simkumbuki hata yeye."

Nje mtu alikuwa akipima kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Bitutu alitikisa kichwa kama aliyepewa chenji pungufu na hana nguvu ya kugombana.

Monari alikusanya sauti yake. "Hayo ni yangu, na nitayabeba. Lakini mpira ulipompata yule msichana, wewe ulikuwa umeshajua. Na ukamwacha Robi alale na mlinzi mlangoni."

"Nilijua," alisema Bitutu. "Kila nilipofungua mdomo nilisikia wakicheka."

"Na mimi jana saa kumi nilijua kwamba si Robi," Monari alisema. "Nilipima, nikajua, nikaenda kulala. Kwa hiyo kwa hilo tuko wawili."

Simu ya Paul ililia. Aliitazama, akaiacha ilie. "Kituo. Wanataka jina."

"Andika langu kwanza," Monari alisema. "Monari, mkaguzi. Aliidhinisha gongo bovu, akamshtaki mtu asiye na kosa akijua."

"Na langu," Bitutu akasema. "Usilifiche nyuma ya la mzee. Mimi ndiye nilisimama kwenye mashine."

Paul aliandika yote mawili, akachora mstari juu ya la Robi. Kisha akamwita.

Robi aliingia akiwa na nguo za mchezo za jana, zina vumbi la jana. Paul alimrudishia kitambulisho na kumweleza kwa maneno machache, jinsi mtu anavyosoma tangazo. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtazama mzee. Alimtazama mwalimu wake.

"Madam, jana hapa ulikuwa umenishika mkono."

"Ndio."

"Ulikuwa unajua?"

"Ndio, Robi."

Robi alitazama mkono wake mwenyewe, akaufuta kwenye sketi.

"Eucabeth anaendeleaje?" alimuuliza Paul.

"Wamesema jicho linaona. Shavu watalifunga kwa chuma."

"Nataka kwenda kumwona. Yeye anadhani ni mimi."

"Nitakupeleka," Monari akasema, akasimama. "Nina maneno ya kumwambia. Na wewe pia, binti yangu, nina..."

"Usiniite binti yako."

Mzee alikuwa na umri wa kumzaa babake, na huku kwetu msichana hamkatizi mzee. Paul aliinua uso, akataka kusema kitu, Monari akamzuia kwa kidole.

Robi alifikiri huku ameshika kitasa cha mlango. "Unaweza kuja," alisema. "Lakini utembee nyuma. Na ukifika huko, mimi ndiye nitaongea kwanza."

Barabara ya hospitali hupanda kilima, na Robi alikuwa na miguu mirefu. Watu waliotoka uwanjani waliwaona, msichana mbele na yule mzee wa mizani nyuma yake hatua kumi, kofia mkononi, akihema. Mtu mmoja alimwita kwa jina, akamuuliza kama ameshamkamata mwizi. Monari alisema ndio, amekamatwa, akaongeza mwendo ili asiachwe.